Dalia Fupi za Vyungu: Je, Zinafaa Kununuliwa Malindi?

Maua ya dalia fupi ambayo kitalu kimoja cha hapa Malindi kimeanza kuyauza, yakiletwa kutoka nyanda za juu upande wa Limuru, yanastahili kununuliwa, lakini kwa masharti ambayo lebo yake haiyataji: yakae kwenye vyungu badala ya kupandwa ardhini, yapate jua la asubuhi tu, na yanunuliwe baada ya mvua kubwa za masika kupungua. Mwenye kuyazingatia hayo atapata rangi ambazo ni nadra kuziona katika bustani zetu za pwani, na asiyeyazingatia atazipoteza fedha zake kabla ya kuona ua la pili.

Bidhaa yenyewe huuzwa kwa namna mbili, yaani miche iliyokwisha kuchanua ndani ya vyungu vidogo vya plastiki, na viazi vikavu, yaani mizizi minene ya dalia, vilivyofungwa kwenye pakiti pamoja na unga wa mbao. Aina zote nilizoziona pale ni za kimo cha kati ya sentimita 30 na 45, nazo zilizalishwa mahususi kwa ajili ya vyungu na kingo za bustani, kwa hiyo hazihitaji kuegemezwa vijiti kama zile dalia ndefu za kimo cha mtu. Iliyonivutia zaidi ni ya rangi ya chungwa, ambayo petali zake hujikunja kidogo kingoni hata wekundu wa upande wa chini ukaonekana kama uzi uliotariziwa. Ukilichunguza ua hilo kwa karibu utagundua kwamba si ua moja, kwa kuwa kila kinachoonekana kuwa petali ni ua dogo, na katikati pamejaa maua mengine madogo ya manjano ambayo huwavuta nyuki tangu asubuhi. Zipo pia nyeupe, za waridi, za zambarau na nyekundu iliyokolea hadi kukaribia weusi. Ya buluu haipo, wala haipo popote duniani, kwa hiyo mnunuzi akiahidiwa dalia ya buluu na ajiepushe.

Ili kuelewa kwa nini mmea huu una masharti, ni muhimu kukumbuka kwamba asili yake ni milima ya Mexico na Amerika ya Kati, ambako mchana huwa na jua na usiku huwa na ubaridi. Waazteki waliujua muda mrefu kabla ya Wahispania kufika, na ulipopelekwa Madrid mtaalamu wa mimea Cavanilles aliupa jina mwaka 1791 kwa heshima ya Msweden Anders Dahl. Mexico ililifanya dalia kuwa ua la taifa mwaka 1963. Ni mmea wa mlimani, na ndiyo maana hustawi Limuru bila shida, ilhali hapa, ambapo katika miezi ya Februari na Machi joto la mchana hupita nyuzi 30 na usiku haupoi vya kutosha, maua huwa madogo, rangi hupauka na matumba mengine hukauka kabla ya kufunguka.

Kwa sababu hiyo majira ya kununua ni suala la kwanza, na lina uzito kuliko rangi au bei. Mvua za masika hushika kasi mwezi wa Mei, na kiazi cha dalia kikilala ndani ya udongo uliolowa kabla hakijatoa mizizi huoza upesi. Kuanzia mwishoni mwa Juni, mvua zikiwa zimepungua na upepo wa kusi umeleta ubaridi, ndipo kiazi kinaweza kufukiwa kina cha sentimita 10 hivi, kikanyunyiziwa maji kidogo sana hadi chipukizi litokeze. Tangu kupandwa hadi ua la kwanza huchukua takribani miezi miwili hadi mitatu, yaani maua huanza Septemba na kuendelea hadi joto la kaskazi linaporudi. Anayenunua mche uliokwisha kuchanua huvuna mapema zaidi, naye aununue Julai.

Kusi hilohilo linaloleta ubaridi hubeba pia chumvi ya bahari, na hapa ndipo vyungu vinapoonyesha faida yake. Nyumba zilizo karibu na ufuo hupata upepo unaounguza kingo za majani laini, na jani la dalia ni laini. Chungu kinaweza kuwekwa nyuma ya ukuta au kwenye ua wa ndani wakati kusi linapovuma kwa nguvu, kisha kikarudishwa barazani pepo zikitulia. Zaidi ya hayo, ardhi yetu katika sehemu nyingi za mji ni mchanga juu ya mwamba wa matumbawe ya kale, wenye chokaa nyingi, ilhali dalia hupendelea udongo wenye uchachu kidogo. Miche niliyoiona ikipandwa ukingoni mwa njia katika bustani ya jirani ilipata majani ya manjano yenye mishipa iliyobaki kijani, dalili ya kukosa madini ya chuma ambayo chokaa huyafunga, na jirani huyo ni mtunzaji hodari ambaye asumini yake hufunika ukuta mzima. Kwa bustani ya ardhini, ninavyoona mimi, afadhali mtu abaki na bogenvilia.

Chungu cha udongo cha kipenyo cha sentimita 30 kinatosha mche mmoja, mradi kina tundu la kupitishia maji. Nimependelea udongo mwekundu wa Magarini uliochanganywa na mboji, samadi iliyooza kabisa, na nyuzi za makumbi ya nazi zilizolowekwa na kusuuzwa kwa maji matamu, kwa kuwa makumbi huwa na chumvi. Maji ya kisima yenye chumvichumvi hayafai. Ni vyema kutumia ya bomba au ya mvua. Samadi isizidi, kwani mbolea yenye naitrojeni nyingi huleta majani mapana na maua machache.

Kuhusu huduma, kitalu hicho kina wafanyakazi wapole na wenye subira, wanaomwita kila mteja mama au mzee na kumwachia muda wa kuchagua. Miche ya vyunguni ilikuwa imara na mizizi yake haikuwa imesongamana. Pakiti za viazi ndizo zilizonitia wasiwasi. Kiazi cha dalia si kama mbatata, ambayo huwa na macho mwili mzima. Jicho la dalia huwa shingoni tu, pale kiazi kinapoungana na shina la zamani, na kiazi kilichovunjika shingo hakitachipua hata kikitunzwa namna gani. Katika pakiti niliyoinunua baadhi ya viazi vilikuwa vinene na vya kupendeza lakini havina shingo. Nilipovirudisha walinibadilishia bila ubishi, jambo linalostahili sifa, ila ingekuwa bora zaidi kama vingechambuliwa kabla ya kufungwa. Mnunuzi na aombe pakiti ifunguliwe mbele yake. Lebo nayo inaagiza jua la kutwa nzima, maelekezo yanayofaa mahali ilikotoka miche hiyo. Kwa Malindi, jua la hadi saa tano asubuhi linatosha, kisha kivuli chepesi.

Utunzaji wenyewe si mzito. Mche ukifikisha jozi tatu au nne za majani, ncha yake hukatwa ili utoe matawi, na maua yaliyonyauka huondolewa kila mara ili mengine yafuate. Tumba changa na ua lililokwisha hufanana sana kwa asiyezoea: tumba ni la mviringo na gumu kama kifungo, ilhali ua lililopukutika huchongoka na kuwa laini likibonyezwa. Wadudu wanaosumbua ni utitiri mwekundu wakati wa ukavu, ambao hupungua majani yakinyunyiziwa maji upande wa chini, na baada ya mvua yule konokono mkubwa ambaye asili yake ni pwani yetu hii ya Afrika Mashariki, naye huokotwa kwa mkono jioni.

Lipo jambo moja ambalo mnunuzi wa pwani atalihisi. Shangazi yangu alipoinamia dalia ya kwanza kuchanua alisema, “Uzuri anao, harufu hana.” Ni kweli, dalia karibu zote hazinukii, kwa hiyo haziwezi kuchukua nafasi ya asumini wala kilua, na haziingii katika vikuba, yale mashada madogo ya maua yanayonukia. Kazi yake ni macho. Zikiwekwa kwenye chombo cha maji ukumbini hudumu siku kadhaa, mradi zikatwe asubuhi zikiwa zimefunguka, kwa sababu tumba la dalia likikatwa mapema halifunguki tena.

Bei ya mche mmoja ilikuwa juu kuliko ya mche wa bogenvilia, na hapa panahitaji hesabu ya makini. Ulaya baridi kali huyaua majani, na viazi hung'olewa na kuhifadhiwa hadi majira ya kuchipua. Malindi haina baridi ya namna hiyo, wala urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, hivyo ni mtunzaji anayepaswa kuulaza mmea: kaskazi likishika, apunguze maji hadi majani yakauke, akate shina, kisha akihifadhi chungu mahali pakavu penye kivuli hadi mwezi wa Juni. Kwa asiye na nafasi wala subira ya kufanya hivyo, ninashauri anunue miche miwili au mitatu ya vyunguni mwezi wa Julai, aifurahie kwa msimu mmoja, na asizigharamie pakiti za viazi.