Mchezo wa Njozi wa Mezani: Ununue Wenye Kanuni Nyepesi au Nzito?

Anayetaka kununua mchezo wa njozi wa mezani, ule ambao wachezaji hujifanya mashujaa, wachawi na wezi huku mwenzao mmoja akisimamia hadithi na dadu zikiamua mengine, hukutana na swali moja kabla hata ya kutazama bei: achukue kijitabu cha kanuni chache, au buku linaloeleza kila kitu hadi namna ya kupanda ukuta ulioloa? Ubishi huu una umri unaokaribia ule wa mchezo wenyewe. Dungeons & Dragons ilitoka Marekani mwaka 1974 ikiwa vijitabu vitatu ndani ya boksi, na kuanzia mwaka 1977 wachapishaji wake waliigawa katika matawi mawili, la msingi kwa wanaoanza na la juu kwa waliobobea.

Orodha iliyo hapa chini haikupangwa kwa idadi ya kurasa. Imepangwa kwa kuangalia kazi inayomwangukia msimamizi wa mchezo, kwa kuwa katika makundi mengi yeye peke yake ndiye atakayesoma kitabu hadi mwisho, na katika kundi linalocheza kwa Kiswahili mzigo wake unaongezeka, maana vitabu hivi viliandikwa kwa Kiingereza na kila kanuni anayoisoma atalazimika kuwaeleza wenzake kwa lugha wanayoizungumza.

Tuchukue tendo moja, mhusika mwenye upanga anayemshambulia zimwi. Katika mchezo wa Cairn upanga haukosi: mchezaji anarusha dadu ya madhara, anatoa alama za deraya ya adui, na kinachobaki kinapunguza uhai wa zimwi. Katika Dungeons & Dragons ya sasa anarusha kwanza dadu ya pande 20, anaongeza nguvu na umahiri wake, analinganisha jumla na kinga ya adui, na akiifikia ndipo anaporusha dadu ya madhara. Katika mchezo wa Pathfinder hatua ni hizo hizo, ila kila zamu ina vitendo vitatu, shambulio la pili kwa silaha ya kawaida linapunguziwa 5 na la tatu 10, na anayevuka kinga ya adui kwa 10 au zaidi huzidisha madhara mara mbili. Hilo ni pigo moja. Vita moja inaweza kuwa na mapigo 30.

Nafasi ya kwanza naipa Shadowdark ya Kelsey Dionne, iliyotoka mwaka 2023. Mchezaji wa Dungeons & Dragons ataitambua mara moja, kwa sababu dadu ya pande 20 ndiyo inayoamua karibu kila jambo, lakini mengi yanayochelewesha meza yameondolewa. Mchawi anayetaka kutumia uchawi hurusha dadu hiyo. Akishindwa, uchawi ule hautumiki tena mpaka apumzike, na hapo hesabu imekwisha. Kanuni ninayoipenda zaidi inahusu mwanga: mwenge huwaka kwa saa moja halisi. Msimamizi anaweka kipima muda kwenye simu yake, na wachezaji wakibishana dakika 20 mbele ya mlango, dakika hizo zimekwisha kuungua. Kanuni hiyo ya sentensi moja inaleta hofu ambayo kurasa kumi za majedwali haziwezi kuileta. Kitabu kamili kina kurasa zaidi ya 300, nyingi zikiwa majedwali ya mazimwi, hazina na matukio ya kumrahisishia msimamizi kazi, na kuna vijitabu vya bure vya kuanzia vinavyofikisha wahusika daraja la tatu la uwezo. Pakua hivyo kwanza. Kitabu chenyewe kinunuliwe kundi likishanogewa.

Cairn ya Yochai Gal inafuata, na huenda msomaji akashangaa kwa nini mchezo wa bure wenye kanuni chache kuliko yote haukuwekwa juu. Sababu ni kwamba uchache wa kanuni haumpunguzii msimamizi kazi, bali unaihamishia kichwani mwake. Cairn haina orodha ya ujuzi wala madaraja. Mchezaji anayetaka kumhonga mlinzi, kufungua kufuli kwa waya au kuogelea akiwa amevaa deraya hujibiwa na busara ya msimamizi, pengine pamoja na jaribio moja la dadu. Kwa mtu mwenye kipaji cha kusimulia hilo ni raha tupu, ilhali kwa anayeanza, akiwa na rafiki mbishi mezani, linachosha haraka. Hata hivyo leseni yake inamruhusu yeyote kuitafsiri na kuisambaza kwa masharti yale yale, kwa hiyo atakayependa kuiweka katika Kiswahili hahitaji kuomba ruhusa.

Anayetaka uzito kweli, wa kupanga silaha, vipaji na mbinu za kikosi kizima, achukue toleo la pili la Pathfinder, lililotolewa na Paizo mwaka 2019 na kuhaririwa upya kuanzia 2023. Ni kubwa, lakini lina nidhamu: ukielewa vitendo vitatu na ngazi nne za matokeo (kufaulu kupita kiasi, kufaulu, kushindwa na kushindwa vibaya), umeelewa uti wa mgongo wa kila sura. Kanuni zake zote zinasomwa bure katika tovuti ya Archives of Nethys kwa idhini ya Paizo yenyewe. Sharti langu ni moja, kwamba kila mchezaji asome ukurasa wa mhusika wake, la sivyo msimamizi atakuwa karani wa watu watano.

Dungeons & Dragons yenyewe naiweka ya nne, na najua wapo watakaokasirika. Ndiyo rahisi zaidi kuipatia wachezaji na video za mafunzo, lakini vitabu vitatu vya msingi vya toleo la 2024 viliuzwa kwa bei rasmi ya dola 49.99 kila kimoja kabla ya usafirishaji, na haviuzwi kama PDF; nakala ya kidijitali husomwa kupitia akaunti ya tovuti rasmi ya mchezo huo, D&D Beyond. Anayeitaka aanze na hati ya msingi ya kanuni, inayotolewa bure kwa leseni huria ya Creative Commons.

Old-School Essentials ya Gavin Norman, inayopanga upya kanuni za Dungeons & Dragons za mwaka 1981, ni fupi bila kuwa nyepesi: kushambulia kunatumia dadu ya pande 20, kusikiliza mlangoni dadu ya pande sita, na mwizi anafanya kazi kwa asilimia, kwa hiyo kila jambo hukaririwa peke yake.

GURPS ya mwaka 1986 ni ya mwisho kwa mnunuzi wa mara ya kwanza, kwa kuwa kuunda mhusika kwa pointi kunaweza kumaliza jioni nzima, ingawa muhtasari wake wa kurasa 32 ni wa bure. Faida yake ni dadu: inahitaji tatu za kawaida za pande sita, kama zile za ludo. Michezo mingine iliyotajwa inataka seti ya dadu saba, nayo seti moja yatosha meza nzima kuanzia. Wanaoisubiri ifike kwa posta watumie programu ya bure ya kurusha dadu kwenye simu.