Ofisi ya wakili mjini Mtwara: wosia na matunzo ya mzee

Tulimpeleka baba mkubwa, ambaye tangu apate kiharusi anahitaji kuuguzwa kila siku, kwa wakili mmoja mjini Mtwara ili aandike wosia akili yake ingali timamu. Wakili hakuanza na urithi, bali aliuliza nani analipia dawa na mhudumu, na kama shamba la mikorosho litalazimika kuuzwa kugharimia matunzo hayo, nani atakuwa na mamlaka ya kutia saini kwa niaba ya mzee. Alifafanua kwamba kwa Mwislamu wosia hauvuki theluthi moja ya mali, na kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa bila ridhaa ya mke, jambo lililowanyamazisha baadhi ya ndugu. Kisha akatutoa sote nje, akamsomea mzee rasimu sentensi kwa sentensi; hapo ndipo alipostahili ada yake. Ada yenyewe, hata hivyo, tulitajiwa mwishoni, na ngazi za ofisi hiyo hazina mahali pa kushika, kasoro isiyosameheka kwa wanaohudumia wazee. Wosia tumeshauriwa kuuhifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini wa serikali.