Seti ya vifaa vya bustani vya watoto: jembe linalokata, keni ya kupendeza, glavu zisizofaa

Nimelima tangu nikiwa msichana, na wajukuu zangu wawili wanashinda uani kwangu, kwa hiyo nikishika kifaa cha bustani cha mtoto naanza na swali moja: kinakata udongo? Vingi vinavyouzwa kwa jina la vifaa vya watoto havikati. Ni plastiki nyembamba yenye rangi za kuvutia. Mtoto anachimba, ncha inapinda, anajaribu tena, inapinda tena, kisha anakitupa na kwenda zake. Watu wazima husema mtoto huyo hapendi bustani. Anapenda sana, kifaa ndicho kinachomwangusha.

Seti hii inakata. Ndani yake kuna jembe dogo, reki, sepeto la mkono, keni ya kumwagilia, jozi moja ya glavu na pakiti za mbegu za figili, maharage, karoti na alizeti, vyote ndani ya mfuko wa turubai. Jembe, reki na sepeto vina vichwa vya chuma na mipini ya mbao. Keni ni ya bati lililopakwa zinki. Nimekaa nayo mvua, kiangazi na baridi mpaka mvua zikarudi, kwa sababu kifaa cha bustani hakipimwi kikiwa bado kinang'aa. Nasema mapema kwamba naisifu, ingawa si yote.

Nianze na mpini. Jembe likisimamishwa chini, ncha ya mpini inamfikia kifuani mjukuu wangu wa miaka 6, na huo ndio urefu unaomfaa: hainami mno mgongo, wala halimburuti. Mdomo wa jembe umeviringwa kidogo pembeni. Ukiugusa kwa kidole hauchani, lakini uzito wa chuma unalisaidia lizame lenyewe, na mtoto anahisi kazi yake imefanya kitu. Maria Montessori, daktari na mwalimu Mwitaliano aliyefungua shule yake ya kwanza ya watoto wadogo mjini Roma mwaka 1907, alisisitiza vitu vya kweli vilivyopunguzwa vimo vimfae mtoto. Jembe hili ni la namna hiyo. Mjukuu wangu mdogo, wa miaka 3, bado sijampa jembe. Yeye ana sepeto na keni, na ameridhika kabisa. Nyumbani kwetu kuna masharti mawili tu: viatu vya kufunika vidole, na anayelima hainui jembe kupita bega wala hasimami karibu na mwenzake.

Majira ya mvua ndiyo yaliyonionyesha ubora wa sepeto. Udongo wetu ni mfinyanzi, unang'ang'ania kila kitu, lakini sepeto hili lina shingo nene iliyounganishwa na kichwa kama kitu kimoja, basi mtoto analigeuza na kulikandamiza bila kupinda. Wakati huohuo niliwafundisha kipimo ambacho hata aliye mdogo kabisa anakimudu: chota udongo, ufinye kiganjani, fungua. Ukibaki donge linalong'aa maji, hatulimi leo, maana kulima udongo uliolowa mno kunaushindilia na mizizi haitapenya vizuri. Ukimeguka kwa kuguswa kidogo, twende kazi. Sasa kila asubuhi wanakimbilia kufinya udongo kabla ya kuuliza chochote, na siku wakisema bado, naheshimu uamuzi wao.

Asubuhi moja sepeto lilimfunua nyungunyungu mnene, mwekundu, anayejinyoosha na kujikunja. Mdogo akamweka kiganjani akamsogeza karibu na uso. "Bibi, mdomo wake uko wapi?" Nikamwambia amwache atembee, upande unaotangulia ndiko uliko. Dada yake naye akataka kujua anapumuaje bila pua. Anapumua kwa ngozi, nikasema, na ngozi yenyewe lazima iwe na unyevu; ukimshika juani muda mrefu anakauka na kufa. Kabla sijamaliza, mdogo alikwisha kuifuata keni. Akamdondoshea maji, tone moja moja, akamrudisha shimoni na kumfukia kwa ncha za vidole, polepole, kama anayemfunika mtoto shuka. Hayo yote yalitokana na sepeto lenye uwezo wa kufika mahali nyungunyungu wanakoishi.

Sasa keni, maana kusema kweli keni ndiyo roho ya seti hii. Inachukua lita moja na nusu. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hiyo keni ya kawaida ya mtu mzima yenye lita 10 ikijaa ni kilo 10 bila kuhesabu bati lake, na mtoto wa miaka 3 mwenyewe huwa na kilo 14 hivi. Fikiria kuambiwa ubebe mzigo unaokaribia uzito wako na bado ulenge mche. Hii ndogo anaibeba kwa mikono miwili, inafika kitaluni ikiwa na maji, na akimaliza anarudi kuchota. Ina mshikio wa juu na mwingine wa nyuma, hivyo aliye mdogo anashika juu kubebea na nyuma kumiminia. Kichwa chenye matundu kinachomolewa, jambo ambalo watengenezaji wengi hawalifikirii. Maji yakiwa na mchanga matundu huziba, na keni isiyochomolewa kichwa ndiyo mwisho wake. Hii unachomoa, unasuuza, unarudisha.

Matundu yenyewe ni madogo na yameelekea juu kidogo, basi maji yanapanda kwanza kisha yanashuka laini. Mbegu hazifukuliwi. Kiangazi kizima watoto wamemwagilia miche michanga kwa keni hii na sikuona mche uliolazwa chini kwa nguvu ya maji. Tunamwagilia asubuhi na mapema, jua halijachachamaa, tukilenga shinani: maji hayapotei hewani haraka, na majani yanabaki makavu, kitu kinachopunguza magonjwa ya ukungu. Mkubwa ameshajua kuchomeka kidole udongoni kabla ya kumwagilia. Kidole kikitoka na udongo wa unyevu, anapita mche huo na kwenda unaofuata.

Jambo moja la lazima kuhusu keni: igeuzwe chini juu kila baada ya kazi. Maji yaliyotuama humo yanakuwa mazalia ya mbu, na kwenye joto yai la mbu laweza kufikia kuwa mbu kamili kwa wiki moja hadi mbili. Na ndoo au pipa la kuchotea maji lifunikwe, au mtu mzima asimame hapohapo. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita chache tu, kimya, bila kupiga kelele. Kwa hili sina mzaha na simwachii mtu mwingine.

Kiangazi kilipokolea, kasoro ya kwanza ikajitokeza. Mbao hunywa maji wakati wa mvua ikavimba, na jua likiwaka inakauka na kusinyaa. Kichwa cha reki kikaanza kucheza kwenye mpini. Kimefungwa kwa skrubu moja, na kwa maoni yangu zingetakiwa mbili. Niliikaza, nikaipaka mipini yote mafuta ya kitani, nikaiacha kivulini ikauke. Tangu hapo imetulia. Chuma nacho kina madoa machache ya kutu pale ambapo rangi imebanduka, lakini hilo ni la kawaida kwa chuma kilichofanya kazi, na kufuta vifaa kwa kitambaa kikavu kumekuwa kazi ya mdogo anayoitenda kwa makini kuliko nilivyotarajia. Anafuta jembe pande zote mbili, kisha ananiletea nikague.

Reki ilipata kazi yake halisi baridi ilipoingia na majani kuanguka. Meno yake ni mafupi, hayana ncha kali, na upana wake unamtosha mtoto kuvuta majani bila kukwama. Walikusanya majani makavu, nikaongeza mabaki ya mboga na majani mabichi, tukanyunyizia maji kwa keni ileile na kurundika lundo la mboji lililomfika mkubwa kiunoni. Baada ya siku kadhaa nikawaambia waliguse kwa ndani. Lilikuwa la moto! Ni vijidudu visivyoonekana kwa macho vinavyola majani hayo na kutoa joto. Lundo kubwa lililochanganywa vizuri laweza kufikia nyuzijoto 60. Tulipolifungua asubuhi ya baridi mvuke ulifuka, na maswali yaliyofuata yalinichukua hadi mchana kuyajibu.

Glavu sizipendi. Vidole vyake ni virefu kuliko vya mtoto yeyote niliyemvalisha, kitambaa ni kinene, na mtoto aliyezivaa hawezi kuokota mbegu wala kujua kama udongo una unyevu. Mshono wa dole gumba ulifumuka mapema. Wajukuu zangu wanalima kwa mikono mitupu na kunawa kwa sabuni wakimaliza, kucha zikiwa fupi. Vijidudu vya pepopunda hukaa udongoni, kwa hiyo chanjo za mtoto ziwe zimekamilika na kila mchubuko usafishwe mara moja. Kwa kung'oa mimea ya miiba tafuta glavu nyembamba za saizi ndogo mahali pengine.

Pakiti za mbegu zimechaguliwa nusu kwa akili. Figili ni chaguo bora kwa mwenye subira fupi, maana huota ndani ya siku chache na kuvunwa wiki 3 hadi 4 baada ya kupandwa. Maharage nayo ni makubwa, yanashikika, na ukiyaweka kati ya kitambaa chenye maji na ukuta wa gilasi mtoto anaona mzizi ukitangulia kushuka kabla shina halijapanda. Alizeti ilimpita babu yao kimo. Ikiwa bado changa, kichwa chake hufuata jua kutoka mashariki kwenda magharibi, na ua likishakomaa hubaki limeelekea mashariki. Mkubwa alikuwa akienda kukagua asubuhi na jioni kuhakikisha. Karoti ndiyo iliyokosewa. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi, zinataka unyevu usiokatika juu ya udongo, na huchukua wiki 2 hadi 3 kuota, muda ambao mtoto wa miaka 3 ameshafukua kuona kuna nini. Ukiwa nazo, changanya na mchanga mkavu, nyunyiza wewe mwenyewe, na uwaache wao wamwagilie.

Soma pakiti kabla ya kuwakabidhi. Mbegu zilizopakwa rangi ya waridi, buluu au kijani kwa kawaida zimetiwa dawa, na mtoto hapaswi kuzishika. Za seti hii hazikutiwa. Hata hivyo usimwache mdogo na maharage peke yake: yanaweza kumkaba kooni, na maharage mekundu mabichi yana sumu inayotapisha vibaya mpaka yachemshwe sawasawa.

Mfuko wa turubai umefifia rangi kwa jua lakini haujachanika, na mifuko yake ya pembeni inatosha sepeto na pakiti za mbegu. Umefanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu vifaa vina nyumba, na watoto wanajua vinapolala. Plastiki iliyoachwa juani hukakamaa na kupasuka. Chuma kilichoachwa kwenye umande huota kutu. Mfuko umeokoa vyote.

Kwa mtoto wa miaka 3 au chini ya hapo sikushauri ununue seti nzima. Mpe sepeto na keni, mwachie kipande chake cha ardhi, hata kama ni beseni lililotobolewa chini, na umruhusu achimbe bila kupanda chochote. Kwa wa miaka 4 hadi 8 seti yote inafaa, na mkubwa wangu anaelekea kulitumia jembe hili hadi mpini umfike kiunoni. Ukiwa na zaidi ya mtoto mmoja, jembe wanaweza kupokezana, reki pia. Keni hawapokezani, kila mmoja anataka yake, na kwa haki kabisa, kwa kuwa wanaomwagilia wawili wanamaliza kitalu kabla jua halijapanda. Duka likikubali kuuza keni peke yake, chukua ya pili siku hiyohiyo.