Swichi ya TP-Link TL-SG105 naipenda, lakini waya ndio ulionitoa jasho: uzoefu wangu

Nyumba yetu ya Tabata imejengwa kwa tofali za saruji, na ruta ya faiba ilifungwa sebuleni, pembeni kabisa. Waifai ilikuwa ikifika chumba cha nyuma imeshachoka, na huko ndiko mke wangu anakofanyia kazi. Mkutano wa video ukianza saa tatu, saa tatu na robo sura zote zimeganda. Nikaamua kuvuta waya.

Nilianza na swichi, yaani kisanduku kinachogawa mtandao wa ruta kwa waya kwenda vifaa kadhaa: TP-Link TL-SG105. Ina poti tano (matundu ya kuchomekea waya), kila moja kasi ya 1000 Mbps, yaani megabiti 1000 kwa sekunde, bodi ya chuma, haina feni. Hakuna cha kupangilia: unachomeka umeme, unachomeka waya, imeanza kazi. Ukiwa dukani soma herufi vizuri, maana TL-SF1005D nayo ina poti tano, ila inaishia 100.

Waya sasa. Kariakoo nilikatiwa mita 40, ubavuni imeandikwa Cat6, daraja la waya wa mtandao. "Hii orijino kaka, chukua tu." Nikaupitisha, nikabana vichwa (plagi za mwisho wa waya), kompyuta ikaonyesha 100. Nikaishuku swichi. Nikahamisha poti, nikabana vichwa upya mara tatu, bado 100. Mwishowe nikakwaruza uzi mmoja kwa wembe: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Kumbe ni alumini iliyopakwa shaba! Nyuzi zake ukizikunja mara mbili tatu zinakatika, na ule wa kahawia ulikuwa umekatikia ndani ya kichwa. Kasi ya 1000 inataka nyuzi zote nane, ya 100 inatosheka na nne, ndiyo maana mtandao haukufa, ulishuka tu. Niliumia sana, siku nzima ya Jumamosi imeenda na hela imeenda.

Safari ya pili nilikwenda na wembe mfukoni. Nikamwambia muuzaji nataka kopa tupu, yaani shaba mpaka ndani, naomba nikwaruze kabla sijalipa. Hakukataa. Nikachukua Cat5e, daraja la chini ya Cat6, kwa sababu kwa 1000 Mbps inafika hadi mita 100 na umbali ninaovuta mimi hauzidi mita 25. Nilichagua wenye ganda jeusi la nje, maana kipande kimoja kinapita ukutani upande unaopigwa jua.

Vichwa vyote nimebana kwa T568B, mpangilio wa kawaida wa rangi za nyuzi: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Kompyuta ikaandika 1000 mara ya kwanza tu.

Huu ni mwezi wa nane tangu niifunge. Umeme ukikatika na kurudi, swichi inawaka yenyewe bila kuguswa, na mikutano ya mke wangu inafika mwisho. Kipande kilichobaki cha ule waya wa kwanza kiko stoo, nimekifunga utepe mwekundu asije mtu akakitumia.