Kufundisha ngoma takatifu ya duara: kwa njia ya Wosien au ya Lewis?

Mwaka 1976 Bernhard Wosien, mwalimu wa baleti kutoka Ujerumani, alifundisha ngoma za asili za Ulaya katika jumuiya ya kiroho ya Findhorn, Uskoti, na ngoma takatifu ya duara ikaenea kutoka hapo. Miaka michache kabla, San Francisco, Msufi Samuel Lewis alikuwa ameanzisha Ngoma za Amani ya Ulimwengu, nazo pia za duara.

Kwa Wosien, miguu ndiyo inayosali. Watu hushikana mikono kuzunguka mshumaa au maua, muziki mara nyingi ni wa kurekodiwa, na mwalimu hurudia hatua taratibu mpaka mwili uzizoee. Hata asiye na dini hupata nafasi yake.

Kwa Lewis hatua ni nyepesi, uzito uko kwenye sauti: wachezaji huimba wenyewe majina ya Mungu na maneno matakatifu ya dini mbalimbali, wapiga ala wakiwa katikati. Hapa mwalimu ana dhamana kubwa. Asipoyajua na kuyaheshimu maneno hayo, anaivunjia heshima imani ya watu, na mimi hilo silipuuzi.

Kundi la wasiofahamiana ningelianzisha kwa Wosien. Waliozoea kusali pamoja, hasa wakiwa na mpiga gitaa wao, ningewapeleka kwa Lewis bila kusita.