Ovaloki ya nyuzi tatu: iko vizuri, tatizo ni ule mkia

Nilinunua ovaloki ndogo ya nyuzi tatu, ile mashine inayokata na kuzungushia nyuzi ukingo wa kitambaa usichambuke, mwezi wa kumi na moja, mahususi kwa msimu wa sare. Anayeshona Mbeya anaijua Januari yetu: mzazi anakumbuka sare siku nne kabla shule haijafunguliwa, na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Zamani nilikuwa nabeba nguo hadi kwa fundi jirani hapa Mwanjelwa azipige ovaloki, nikae foleni, nilipie kila kipande. Nikachoka. Jina la kampuni sitalitaja maana nina ya kulalamika, na hizi ndogo zinazokaa juu ya meza ya cherehani ya kawaida zinafanana kama mapacha.

Kisu chake kinakata tetroni safi bila kuitafuna. Nimefunga mota, ila umeme ukikatika narudisha mkanda kwenye gurudumu la miguu na kazi inasogea. Kutunga uzi kwenye lupa ya chini, moja ya zile ndoano mbili zinazobeba nyuzi za ukingoni, ndiko kulikonitoa jasho; siku ya kwanza nilitumia saa nzima na kibano mkononi, siku hizi ni dakika mbili. Mafuta inayataka kila asubuhi. Basi, huko sina neno.

Neno langu liko mwisho wa mshono. Kwenye cherehani ya kawaida unapiga rivasi, yaani unarudi nyuma mishono mitatu, umemaliza. Ovaloki haina rivasi. Ukifika ukingoni unaiacha ikimbie nje ya kitambaa, inatoa kamkia kama mkufu, unakata. Muuzaji alinionyesha hivyohivyo, akaukata mkia pale pale kwenye kitambaa. "Tayari hiyo, dada." Nami nikaenda nayo hivyo Desemba nzima na Januari yote.

Februari akaja mama mmoja wa Uyole na sketi ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuniamkia. Aliitandika mezani, akauliza, "Fundi, hii umeshona au umeshikiza?" Kwenye mpasuo wa nyuma ovaloki ilikuwa imefumuka kama kidole kizima, nyuzi zinaning'inia, kitambaa kimeanza kuchambuka. Sketi ilikuwa imefuliwa mara tatu tu.

Ukiutazama mshono kwa karibu unaona sababu. Uzi wa sindano ndio unaozibana zile nyuzi mbili za lupa. Ukilegea, hizo mbili hazina pa kujishika, zinaachia kitanzi kimoja kimoja. Na uzi wa polista unateleza. Begani au kiunoni huoni shida, kwa sababu mshono mwingine unapita juu yake na kuubana. Kwenye mpasuo hakuna kinachoubana.

Nilianza na kiberiti, kama wengi wetu. Polista inayeyuka na kuganda, lakini inaacha kidonge kigumu kinachomkwaruza mtoto, na siku koni ya uzi ikiwa ya pamba unaunguza tu. Rangi ya kucha isiyo na rangi nayo nikaijaribu: inashika, ila kwenye kitambaa cha bluu iliacha doa kama la mafuta.

Aliyenifungua macho ni mzee mmoja fundi wa Tukuyu aliyekuja kununua vifungo. Akasema, "Mwanangu, unautupa mkia wa nini? Urudishe nyumbani kwake." Akaomba shazia, ile sindano nene ya mkono. Ukimaliza kushona unaacha mkia wa urefu wa kidole, unautunga kwenye tundu la shazia, unaipitisha chini ya nyuzi za lupa, ndani ya mshono wenyewe, kama sentimita tatu au nne, unavuta, ndipo unakata. Shazia yenye ncha butu ni bora, haichomi kitambaa. Ukiwa na sindano ya kroshia nyembamba inafaa pia. Kwa sweta naacha mkia mrefu zaidi na kuurudisha mbali zaidi, maana kitambaa kinavutika. Kazi hiyo asubuhi ya Juni, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya hapa, mniombee.

Mwanzo wa mshono hauhitaji hata shazia. Shona mishono miwili mitatu, simamisha sindano ikiwa ndani, inua mguu wa mashine, zungusha mkia kushoto uje mbele, ulaze kati ya sindano na kisu, kisha endelea kushona juu yake. Ukiulaza kulia zaidi, kisu kinaula.

Mwisho nao unaweza kufungwa na mashine yenyewe, na hapa ndipo yangu inaponikera. Unashona mshono mmoja nje ya kitambaa, unainua mguu, unachomoa vitanzi kwenye ule ulimi mwembamba wa chuma vinapojizungushia, unageuza kitambaa, unarudi juu ya mshono sentimita mbili bila kuukata, halafu unatoka pembeni. Kwenye mashine yangu vitanzi vinang'ang'ania ulimini. Dawa ni kuvuta uzi wa sindano kidogo, pale juu ya tundu la sindano, upate ulegevu. Ukizidisha unabaki na kitanzi kimesimama kama sikio la sungura. Katika nguo kumi, mbili bado nazimalizia kwa shazia.

Ningeinunua tena? Ndiyo, kwa kazi ya sare imeshalipa. Lakini ukienda dukani nenda na kipande chako cha tetroni, wakushonee, wakate mkia wanavyokata wao, halafu kisugue kwa mikono miwili kama unayefua, uvute ncha kwa kucha mbele yao. Sketi ya yule mama niliirudia bure, na kabla hajaikunja aliivuta hivyo hivyo. Ndani ya boksi utakuta bisibisi, kibano, sindano za akiba na kichupa cha mafuta. Shazia haimo.