Tame Impala, Currents: nimeipima kwa nganya ya Rongai

Wacha nikiri mapema, hii Currents, albamu ya Tame Impala, bendi ya Australia, niliichukia. Ilitoka Julai 2015 na wakati huo nilikuwa napiga gitaa na maboyz fulani wa chuo, mazoezi tunafanyia kwa gereji ya mzee wa mmoja wetu huko South B, na ngoma ya kwanza kabisa tuliwahi kuipatia mpaka mwisho bila kubishana ilikuwa Elephant ya hawa hawa Tame Impala, ile ya 2012 yenye gitaa linakanyaga kanyaga kama ndovu mwenyewe. Sasa we fikiria, umekaa miaka mitatu ukingoja gitaa zaidi, halafu jamaa anakuletea sinthesaiza, makofi ya mashine na kasauti kembamba ka kuimbia bafuni. Nilisikiza nusu nikazima. Nikaambia wenzangu huyu ameuza gitaa akanunua kinanda.

Imepita miaka 10 ndio nimeirudia, na wa kulaumiwa ni dere mmoja.

Tunajuana toka praimari, siku hizi anaendesha ruti ya 125, moja ya zile nganya za Rongai, matatu zilizorembwa, ambazo besi unaisikia kwa mifupa ya kiuno kabla ifike masikioni. Jioni moja nimekaa naye hapo mbele, Lang'ata Road imesimama vile husimama, akaniambia buda mimi nimechoka na hizi miksi, weka kitu yako. Nikaweka Let It Happen ya hii Currents kwa blututhi, kusema ukweli nilikuwa namchokoza tu.

Hiyo ngoma inakaribia dakika 8. Inaanza poa, dramu zinatembea bila haraka, watu wanatingisha vichwa, alafu ikifika katikati sauti inashika, kipande kimoja kadogo kinajirudia na kujirudia kama zile sidii za River Road zikishapata mkwaruzo. Ni makusudi, ndivyo ilivyotengenezwa, lakini ndani ya mat nani anajua hiyo? Mama mmoja kutoka nyuma: "Dere, kijana wangu, hiyo redio imekwama, si uipige kofi." Makanga akaingiza kichwa, "Mathe tulia, inajipanga." Na kweli ikajipanga, besi ikarudi yote mara moja, vioo vikatetemeka na nyuma huko mtu akapiga nduru. Hapo ndio nikashtuka kwamba hii albamu sijawahi kuisikia, nilikuwa nimeisikia kwa hedifoni za mia mbili.

Na ukijua ilikotoka inaingia akilini. Tame Impala ya stejini ni bendi, lakini ya studio ni mtu mmoja, Kevin Parker wa Perth, Australia, anapiga vyombo karibu vyote peke yake. Aliwahi kusimulia vile alikuwa kwa gari Los Angeles, spika nzuri, Bee Gees inacheza, na ndio akili yake ikageukia huku kwa dansi. Kwa gari! Sio kwa chumba. Alafu albamu mbili za kwanza, Innerspeaker ya 2010 na Lonerism ya 2012, miksi ilifanywa na Dave Fridmann, hii ya tatu akafanya mwenyewe, na unasikia tu ni mtu ameacha kuficha kila kitu ndani ya ukungu. Kingine ambacho mimi mpiga gitaa nilikuwa nimepuuza, Parker alianza na dramu akiwa mtoto. Ndio maana hata pale ambapo mashine imejaa kila mahali, mdundo bado una mkono wa mtu.

Wenye wanajua mambo wataniletea Radiohead, bendi ya Uingereza, na albamu yao Kid A ya 2000. Sawa, hao walitangulia kuweka gitaa kando wakaingia kwa mashine, na walishika namba moja Marekani bila kutoa singo hata moja, heshima yao. Lakini Kid A ni baridi, ni ya kusikiza usiku stima zikiwa zimepotea. Huku kwa Currents kuna jasho. The Less I Know the Better ukiiweka harusini mjomba atainuka bila kuuliza ni ya nani, na ile ya mwisho, New Person, Same Old Mistakes, Rihanna mwenyewe aliichukua akaiimba upya kwa albamu yake Anti mwaka wa 2016, kwa hivyo kuna watu wanaijua na hawajui wanaijua.

Malalamishi ninayo. Past Life ina jamaa anaongea na sauti imevutwa ikawa nzito kama mzimu, mara ya kwanza inachekesha, ya tatu unaruka. Nangs na Gossip ni vipande tu, sijui vilikuwa vinangoja nini. Na kuachwa na demu ni kuachwa, lakini ngoma 13, dakika 51, zote ni moyo umevunjika... ndugu, kunywa maji.

Huko alikoenda baadaye ndio nasitasita. Mwaka wa 2025 alishinda Grammy ya muziki wa dansi pamoja na wale Wafaransa wa Justice, na Oktoba mwaka huo huo akatoa albamu ya Deadbeat, ambayo imeingia kwa reivu, zile dansi za mashine za usiku kucha, mguu mmoja na nusu. Huko sasa mkono wa mpiga dramu siusikii vizuri. Currents ilikuwa bado imesimama mlangoni, na mimi mlangoni ndio napapenda.

Nyota nne kwa tano. Kama spika zako ni za simu toa moja. Anza na Eventually, ile mahali gitaa zito linaangukia kinanda, utajua kama ni yako ama si yako. Dere naye amenyamaza tu, lakini juzi nikipanda nimekuta ameiweka kwa flashi yake, katikati ya gengetone, na mama mwingine tayari anamwambia redio imekwama.